Kitanda cha Ng'ambo

Kaka yangu si mvivu. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia kuna mtu mzima anatengeneza mchezo wa kompyuta, na ameutengeneza miaka bila kuumaliza, hunitazama kwa huruma na kuniuliza kama amejaribu kutafuta kazi. Mvivu angekuwa ameshamaliza zamani. Angeweka mlima, mto na mbuzi mmoja, akafunga, akalala usingizi wake. Kaka alikuwa na tatizo jingine kabisa: kila alipokaribia kumaliza, aliongeza kitu.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Unaamka kwenye tope baada ya mafuriko. Bonde zima limekatika vipande, majirani wamebaki huku na kule, hakuna anayeweza kumfikia mwenzake. Kazi yako ni kukata mbao, kusokota kamba na kujenga madaraja mpaka watu wakutane. Basi. Hakuna bunduki, hakuna majini. Tuliuweka mtandaoni kabla haujaisha, kama wanavyofanya wengi siku hizi: mtu anauchukua mapema, anaucheza hivyo hivyo ulivyo, nanyi mnaendelea kuujenga huku yeye akiwaambia panapovuja. Tulisema wazi kwenye tangazo kwamba bado uko jikoni.

Tulikuwa watatu, tukifanya kazi kwenye chumba cha nyuma nyumbani kwa kaka. Kaka aliandika kodi, yaani yale maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Mchoraji, rafiki yake wa tangu shule, alichora kila kinachoonekana, na mbuzi wake walikuwa na nyuso za heshima mno, mmoja wao tukamwita Mheshimiwa. Mimi nilikuwa mjaribu. Nilishinda nacheza, natafuta mahali mtu anapozama kwenye ukuta au daraja linapokataa kubeba watu, kisha nawasema wenzangu. Mchoraji aliniita Bi Kasoro. Sikukataa, maana kweli nina jicho la kuona ubaya na mdomo usiojua kungoja.

Watu walikuja. Tuliwaona kwenye kompyuta: leo wameingia kadhaa, kesho kadhaa wengine. Wasiorudi ndio waliokuwa wengi, na nikisema wengi nataka uelewe ni wote. Maoni waliyoacha yalikuwa ya adabu, kama ya mgeni aliyekula chakula kisicho na chumvi. Mzuri, lakini. Michoro inapendeza, lakini. Kaka alikaa na hiyo "lakini" siku nyingi, akaigeuza huku na huku, mwisho akatangaza kwamba kinachokosekana ni bahari.

"Bonde linaishia wapi?" alituuliza. "Mto unakwenda wapi? Mtu lazima ajiulize."

Mimi sikuwahi kujiuliza. Lakini mchoraji macho yalimng'aa, na bahari ikaanza. Mawimbi, samaki wa kila namna, ndege, mitumbwi, mwani unaoyumba. Nilikiri moyoni kwamba ilikuwa nzuri, nikanyamaza, maana sifa ukimpa kaka mapema anaongeza kisiwa.

Mambo yalibadilika tukiwa mezani. Wifi yangu, mke wa kaka, ni nesi. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyasema akiwa na kijiko mkononi, kama anazungumzia chumvi.

"Nimehamishwa," alisema. "Zahanati ya mji mwingine. Mwisho wa mwezi nakwenda."

Kaka aliacha kutafuna. "Nitakufuata. Nikimaliza tu."

"Ukimaliza nini?"

"Mchezo. Bahari imebaki kidogo."

Wifi alimwongezea mboga. Nilimtazama nikajua ameumia, na nikajua hatasema. Nyumba ile ilikuwa imejaa vitu vinavyongoja mchezo uishe. Safari ya kwenda kwa mama mkwe ilingoja. Rangi ya sebuleni ilingoja, ukuta mmoja umepakwa na mitatu haijapakwa. Hata habari ya mtoto ilingoja, nasi ndugu tulikuwa tumeshajifunza kutoiuliza. Sasa na mke mwenyewe angengoja, tena akiwa mji mwingine. Mimi niliujua ule mchezo utumbo na maini, na nilijua haukuwa na dalili yoyote ya kuisha.

"Basi nionyeshe," Wifi alisema akikusanya sahani. "Nataka kukiona hicho kinachobaki na mume wangu."

Hakuwahi kuucheza. Kaka alifurahi mpaka akagonga goti kwenye meza. Akamketisha kwenye kiti chake, akamsogezea feni, akaanza kumweleza mambo ya upepo na jinsi kivuli kinavyogeuka. Wifi alimwambia anyamaze, acheze.

Alicheza kama anavyofanya kazi zake zote, taratibu na bila kurudia. Aliamka kwenye tope, akaokota shoka, akakata mbao, akasokota kamba. Alimsalimia Mheshimiwa. Alifunga kamba ng'ambo hii, akairusha ikanasa ng'ambo ile, akaanza kupanga mbao moja moja juu ya mto, na niliona ameupenda, kwa sababu alikuwa ametoa ulimi pembeni kidogo kama mtoto anayeandika. Daraja lilipofika katikati alitazama saa ukutani.

"Nina zamu. Nikitaka kuondoka nabonyeza wapi?"

"Unatakiwa ufike kitandani," kaka alisema. "Ukilala kitandani, mchezo unasevu. Unakumbuka ulipofika."

"Kitanda kiko wapi?"

"Ng'ambo. Kwenye nyumba ya bibi mmoja, jirani."

Wifi alitazama mto, akatazama nusu daraja lake, akavaa viatu. Aliporudi kesho yake aliketi tena, na mchezo ukamwamsha kwenye tope. Aliokota shoka, akakata mbao, akasokota kamba. Alifika katikati ya mto, simu ikalia, mgonjwa mahututi, wanamhitaji. Siku iliyofuata tope tena. Alisimama, akajipangusa sketi kana kwamba tope lile limemrukia yeye.

"Tope si kitu, nimelizoea," alimwambia mumewe. "Ila mtoto ukimpiga unamwambia kosa lake. Mimi kosa langu sijaambiwa."

Akaenda kufunga masanduku.

Sasa hapa lazima nieleze jambo moja la kazi yetu, la sivyo utatudhania wajinga. Kila anayetengeneza mchezo huwa na kitufe cha siri. Ukitaka kujaribu daraja la mwisho, huwezi kila mara kuanzia topeni, utazeeka. Basi unabonyeza kile kitufe na papo hapo umefika unapotaka, na mbao mkononi, na kamba begani. Sote watatu tulikuwa nacho. Tulikibonyeza siku nzima. Kitanda kile kaka alikiweka mwanzoni kabisa, kwa muda tu, mpaka apate mahali pazuri zaidi, na hakuna kinachodumu kama kitu kilichowekwa kwa muda. Tangu hapo tulijenga bonde zima, tukaliongezea milima na korongo, tukatia bahari, na hakuna kati yetu aliyewahi kutembea.

"Mara ya mwisho umekifikia kile kitanda kwa miguu lini?" nilimuuliza kaka.

Akamtazama mchoraji. Mchoraji akamtazama mbuzi.

Hasira zilinipanda. Nilikwenda jikoni, nikaleta kijiko, nikaweka mpini wake chini ya kile kitufe kwenye kibodi ya kaka, nikakibandua, nikakitia mfukoni mwa gauni. Kikatoa mlio mdogo wa kuvunjika. Kaka alipiga kelele kama nimemng'oa jino.

"Umechanganyikiwa?"

"Tembea," nilimwambia. "Mkeo katembea mara mbili. Tembea wewe mara moja."

Alitaka kunionyesha kwamba si mbali. Alikaa kitako, akaamka topeni, akakata mbao kwa haraka za mtu anayejua kila kitu kilipo. Akasokota kamba. Akajenga daraja la kwanza, akapanda mlima aliouweka mwenyewe kwa kujifurahisha, akakuta korongo aliloliongeza wiki ambayo hakuwa na la kufanya, akalazimika kurudi nyuma kutafuta mbao zaidi. Mchoraji alivuta kiti akawa anatazama. Jasho lilianza kumtoka kaka. Alikuwa ameona paa la nyumba ya yule bibi, kwa mbali, umeme ukakatika. Kompyuta yake betri yake ilikufa zamani. Feni ilipunguza mwendo ikasimama, na kioo kikawa cheusi.

Umeme uliporudi, alikuwa topeni.

Akaanza upya. Safari hii alipofika juu ya daraja, mama alipiga simu. Simu ya mama, kaka haiachi; akaibana kwa bega, "ndiyo mama, nimekula mama," akakosea ubao, akatumbukia mtoni. Tope.

"Huu mchezo una dharau," alisema.

"Aliyeutengeneza nani?" mchoraji aliuliza.

Kaka alikaa akitazama yule mtu wake aliyelala kwenye tope akingoja kuamshwa. Halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba watu wote wale, wale wa "mzuri, lakini", wana kazi, wana watoto, wana mama wanaopiga simu. Kila mmoja wao aliondoka akiwa katikati ya daraja. Sisi tulidhani wamelichoka bonde letu, kumbe bonde ndilo liliwasahau.

Nilitaka kumwambia nilishakwambia, lakini sikuwa nimemwambia. Nilimletea maji.

Kuanzia hapo alifanya kazi moja tu: mtu aweze kuacha popote, wakati wowote, hata mguu mmoja ukiwa hewani, na akirudi akute mguu uko hewani. Kusema ni rahisi. Ili mchezo umrudishe mtu pale alipokuwa, lazima ukumbuke kila kitu: kila ubao, kila fundo la kamba, kila mbuzi amesimama wapi na anatazama upande gani. Bonde lilikubali. Bahari ilikataa. Kila samaki alitaka kukumbukwa, kila mtumbwi, kila wimbi, na kompyuta ikijaribu kuwakumbuka wote inaganda. Alijaribu kila njia aliyoijua na nyingine alizouliza kwa watu. Mwisho alituita.

"Bahari inatoka," alisema.

Mchoraji alisimama. "Bahari yangu?"

"Yetu."

"Mawimbi nimechora mimi. Nimekaa na yale mawimbi mpaka nyumbani wananiita baharia. Na sasa, kwa ajili ya kitufe cha kuondokea, unaitupa?"

"Naiondoa kwa muda."

"Hiyo kwa muda yako tunaijua," nilisema, nikajuta hapo hapo, kwa sababu niliona uso wa mchoraji na ulikuwa uso wa mfiwa. Alitoka nje, akazunguka nyumba. Kupitia dirishani tulimwona amesimama karibu na tangi la maji, mikono kiunoni. Aliporudi hakumtazama yeyote. Alichukua penseli yake, akauliza kama bahari haipo, mto unaishia wapi, maana hawezi kuuacha unaning'inia. Kaka alimwambia auweke ukungu. Akachora ukungu. Niseme ukweli, ulikuwa ukungu bora kuliko wote niliowahi kuuona, na safari hii nilimwambia.

Kuitoa bahari alifanya kaka mwenyewe. Nilikuwa nyuma yake. Alipomaliza alisema amejisikia kama amebomoa nyumba ambayo hakuna aliyehamia.

Tukaliweka mtandaoni lile toleo lisilo na bahari. Lilikuwa na upungufu wa kila aina: bibi wa ng'ambo hakuwa na sauti, milango miwili ilifunguka ikaonyesha ukuta, na Mheshimiwa, tukitaka tusitake, aliweza kutembea juu ya maji. Hakuna kipya tulichoongeza isipokuwa kwamba ukiondoka, unasubiriwa. Siku mbili tatu hatukuona tofauti. Kisha mtu mmoja akarudi. Kisha yule yule akarudi tena, na wengine nyuma yake. Mmoja aliandika: "Hauna mwisho, lakini kesho naendelea." Kaka alituita tuje tusome, ingawa alikuwa ametusomea kwa sauti tayari.

Wifi alicheza tena wiki ile ile, akiwa ameketi juu ya sanduku kwa sababu viti vilishafungwa kamba. Alifika katikati ya mto. Zamu. Safari hii hakuuliza abonyeze wapi, alifunga tu akaondoka. Aliporudi, bado na sare ya kazi, alifungua, na alikuwa juu ya daraja, ubao mkononi, mto chini yake. Aliuweka ule ubao mahali pake. Kisha akaweka mwingine.

"Sasa unachezeka," alisema.

"Bado haujaisha," kaka alisema haraka. Maneno hayo humtoka yenyewe. "Bibi hana sauti. Na bahari nitairudisha, nikipata njia ya..."

"Sijasema umeisha. Nimesema unachezeka."

Aliendelea kupanga mbao, na macho yakiwa kwenye kioo alianza kumweleza nyumba aliyopewa kule anakokwenda. Haina mapazia. Jikoni hamna rafu, vyombo vitakaa chini. Maji yanatoka asubuhi tu. Mlango wa nyuma unafungwa kwa waya. "Nitahamia hivyo hivyo," alisema. "Rafu zitanikuta ndani." Kaka alisema vizuri, na kwamba atakuja kuzitengeneza yeye, akimaliza. Wifi aliufunga mchezo, akaenda kuvua sare. Nilitamani kumtupia kaka kile kitufe usoni.

Siku ya kuhama, lori lilifika asubuhi. Mimi na mchoraji tulibeba. Kitanda kilitoka, kabati likatoka, masufuria yakatoka ndani ya karai. Kaka alibeba pia, lakini kati ya kila mzigo alipita chumba cha nyuma kutazama kompyuta, na mara ya mwisho alipopita hakutoka. Nilimkuta ameketi.

"Kuna mtu ameandika," aliniambia bila kugeuka. "Daraja lake la tatu linapotea akirudi. Linapotea lote! Nimeliona kosa liko wapi. Nimalize hili tu, natoka kumuaga."

Kumuaga. Ndipo nilipogundua kwamba Wifi alikuwa mlangoni nyuma yangu, amejifunga kitambaa kichwani kwa safari. Alikuwa amesikia. Alimtazama mumewe mgongoni, mgongo ule uliopinda juu ya kibodi yenye pengo. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Alinikumbatia, akanishika shavu, akatoka, na nikamsikia akimwambia dereva, "Twende."

Injini iliwaka.

Kaka aliinua kichwa. Vidole vyake vilikuwa juu ya kibodi, mstari wa kodi uko nusu, na neno la mwisho lilikuwa halijafika mwisho. Alisikiliza ile injini ikinguruma, gia ikiingia. Akatazama mstari wake. Kisha akafunga kompyuta pale pale, mstari ukiwa nusu, akazing'oa nyaya ukutani kwa mkono mmoja, akakimbia. Mchoraji alimpisha kwenye korido huku akisema, "Viatu! Viatu!" lakini hakuna aliyemsikia.

Lori lilikuwa limefika getini likingoja barabara iwe wazi. Kaka alisimama upande wa mlango wa Wifi, miguu peku, kompyuta kifuani, nyaya zinaburuta vumbini. Alikuwa anahema. Dereva alizima injini bila kuambiwa.

Wifi aliteremsha kioo. Alimtazama usoni, akatazama kompyuta, akatazama miguu.

"Umemaliza?" alimuuliza.

"Bado," kaka alisema.

Wifi akalitoa karai la masufuria kwenye kiti cha pembeni yake, akalipakata.